Treni ya umeme, bodaboda ya petroli

Jana asubuhi hapa Trondheim, Norwei, basi la umeme lilisimama mbele yangu, likashusha watu, likaondoka, na koti langu halikunuka chochote. Furaha ndogo tu, lakini ilinipandisha hasira. Aliyewahi kusubiri gari Sabasaba ya Dodoma saa moja asubuhi anajua kwa nini.

Mtasema huyu kafika Ulaya, sasa hata moshi wa kwao unamkera. Moshi wa Dodoma ulinikera nikiwa Dodoma, ndani ya bajaji ya kwenda Nkuhungu. Pua yangu ni ile ile.

Tena tuna la kujivunia, na wenyeji wa hapa nawaambia kila nikipata nafasi. Reli ya kutoka mji huu kwenda Bodø, zaidi ya kilomita 700, sehemu kubwa bado inatumia treni za dizeli. Yetu ya Dar es Salaam hadi Dodoma, tangu Julai 2024, inakwenda kwa umeme, kilomita 160 kwa saa. Mama yangu anashuka Dodoma akiwa bado na nguvu ya kusimulia safari nzima. Wa kunikumbusha ngedere na bundi waliosemekana kuikatia treni umeme, nimezisoma hizo habari. Treni ilisimama, ikaondoka, na watu wanaendelea kuipanda.

Kinachoniudhi ni ukishatoka nje ya stesheni. Umekuja kwa umeme tangu pwani, halafu kipande cha mwisho cha kwenda Kisasa au Mtumba unakimalizia kwenye moshi. Norwei walianza na magari binafsi, na mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Vizuri, ila kuanzia 2001 waliyasamehe VAT, na kodi hiyo kwao ni asilimia 25. Serikali iliyoweza kusamehe hivyo inauza mafuta na gesi nje. Sisi hatuna fedha ya kumpunguzia bei mwenye gari lake Area D. Tuanze na wanaobeba watu.

Mdogo wangu anaendesha boda Chang'ombe ya Dodoma. Petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2023, hesabu ya bosi haikushuka hata mia. Kilichopungua ni cha kupeleka nyumbani. Kwake pikipiki ya umeme ni habari ya unga kabla ya kuwa habari ya tabianchi. Lakini hawezi kukaa kusubiri chaji huku abiria wanapita. Anahitaji mahali pa kuacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa, Sabasaba, Nane Nane, Ihumwa, kwa bei anayoijua kabla hajasaini mkataba wowote. Kikiwepo kituo kimoja tu mji mzima, siku kikifungwa pikipiki inalala na marejesho ya mkopo yanaendelea.

"Umeme wenyewe unakatika, unaota." Siyo ndoto. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 na mitambo yote tisa imekamilika. Shida iko kwenye nguzo na transfoma za mitaani, na hapo ndipo Norwei wametuzidi hasa. Jirani yangu anachomeka gari usiku, anakwenda kulala, hana wasiwasi.

Ninachokiogopa kweli ni magari ya umeme ya mitumba. Gari la petroli kutoka Japani unawasha, unasikiliza injini, unajua. Betri huisikii. Betri ya Nissan Leaf za miaka ya nyuma haina mfumo wa kuipooza kwa maji, na joto huzeesha betri. Baridi ya huku inapunguza umbali wa safari, lakini hali ya hewa ikibadilika umbali unarudi. Kilicholiwa na joto la Dodoma la Oktoba hakirudi. Magari hayo yakiingia bila kupimwa uwezo wa betri uliobaki, watu watauziwa magari ya kufika Ihumwa na kushindwa kurudi, halafu mtaniambia teknolojia ni mbovu.

Na mafundi wetu? Fundi wa kwetu anashusha injini ya Toyota IST chini ya mwarobaini bila kitabu, namheshimu sana. Lakini betri ya gari la umeme kwa kawaida ina zaidi ya volti 300, na hiyo inaua. Walimu wa chuo cha ufundi cha VETA Dodoma mnaosoma hapa, niambieni: kuifungua kwa usalama mmeshaanza kufundisha?