Mfuko wa Marisau Shingoni: Mashine Ndiyo Yenye Kosa?

Katika hadithi fupi za distopia, yaani za jamii ya kubuni inayombana mtu, nani humnyang'anya mtu upekee wake: mashine, au watu walioikubali? Hadithi hizi zikisomwa hapa Mwanza, ubishi huwa mrefu, na kila upande una ushahidi wake.

Wanaoishitaki mashine huanza na The Machine Stops ya E. M. Forster (1909). Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani kwake. Chakula, muziki na hata sura za jamaa huletwa kwa kubonyeza kitufe. Kuno anamwomba mama yake, Vashti, waonane ana kwa ana, naye mama anaona kero. Misuli imelegea kiasi kwamba Kuno analazimika kufanya mazoezi ya kutembea kwanza, ndipo apate nguvu ya kupanda hadi juu ya ardhi. Forster hakuishia kulaani. Ameonyesha hatua kwa hatua mashine inavyokufa. Muziki unaanza kukwaruza, maji ya kuoga yananuka, watu wanalalamika, kisha wanazoea. Mwishowe hata mtambo wa kurekebisha hitilafu unaharibika, na hakuna aliyebaki anayeielewa mashine nzima.

Upande wa pili hushika Harrison Bergeron ya Kurt Vonnegut (1961), na hapa ndipo penye utamu. Ni mwaka 2081 na sheria inataka watu wote wawe sawa. George ana akili kupita wastani, kwa hiyo amewekewa redio sikioni inayompigia kelele kila baada ya sekunde 20 hivi ili wazo lisikomae. Shingoni ana mfuko wa turubai wenye marisau, yaani punje ndogo za risasi, uzito wa ratili 47, yaani kama kilo 21, umefungwa kwa kufuli. Fundi bati yeyote wa Makoroboi, hapa mjini, angeukata kwa dakika chache. Tena Hazel, mkewe, anamshauri atoboe tundu dogo chini ya mfuko na kutoa marisau machache akiwa nyumbani. George anakataa. Adhabu ipo, miaka 2 jela na dola 2,000 kwa kila punje, lakini ana sababu nyingine: wengine nao wakianza, watarudi kwenye enzi za kushindana. Kwangu maneno hayo yanatisha kuliko redio, kwa sababu mlinzi wa George ni George mwenyewe.

Na Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, anaangamia bila mashine yoyote kumgusa.

Hata hivyo, si kila udhibiti ni kongwa. Kwa miaka mingi viwanda vya samaki vya hapa vilifuata kipimo cha sangara wa sentimita 50 hadi 85, ili wachanga wafikie kuzaa na wazazi wakubwa waendelee kutaga. Rula hiyo ililinda ziwa. Inakuwa distopia pale tu inapohamishwa kutoka kwa samaki kwenda kwa mtu.

Anayetafsiri hadithi hizi ana mtego mwingine. Akiandika kwamba shujaa anatetea "ubinafsi", msomaji wetu ataona mchoyo aliyestahili kukamatwa, maana neno hilo kwetu ni lawama. Heri "upekee", au "nafsi yake", kutegemea sentensi.

Mimi naegemea upande wa pili, lakini Forster ananizuia kwenda mbali: mashine huwa na kosa kweli pale asipokuwepo tena mtu anayeweza kuizima au kuitengeneza. Kwa hiyo anayetaka kuandika distopia ya ziwa hili achague kifaa kimoja tu, kwa mfano kisanduku kinachofungwa kwenye mtumbwi wa dagaa na kumwamuru nahodha mahali pa kuwasha taa. Aamue nani anakichaji, kinakaa na chaji saa ngapi, faini inalipwa na tajiri au na wavuvi. Bila hayo kifaa kinakuwa jini, na kumpinga jini hakumjaribu mtu. Kisha chaji iishe usiku wa giza, katikati ya Ukerewe na Kirumba, tumwone nahodha: anaelekea anakotaka, au anapiga kasia hadi mtumbwi wa jirani kuazima betri?