Wanaingia chuo, kisha wanarudi Kigoma kimya kimya

Juzi binti mmoja wa Buhigwe alikuja dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, kuchapisha barua ya kuahirisha masomo. Namfahamu, maana maombi yake ya mkopo tuliyajaza kwenye kompyuta hii hii: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha kifo cha baba, sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, mhuri wa hakimu, na Sh30,000 za maombi ambazo mama yake alizipata kwa kuuza mawese. Kwenye barua, mahali pa sababu, ameandika "matatizo ya kifamilia". Nikamuuliza, mwanangu, nyumbani kuna nini? Akasema, "Hakuna kitu, mama. Ni ada. Ila niliona aibu kuiandika."

Wiki hiyo hiyo gari la chuo kingine lilikuwa linazunguka mjini na spika, linagawa fulana na kalenda, linawahimiza vijana wa mikoa ya pembezoni wajiunge na elimu ya juu. Nilipoliona likipita mbele ya duka nilichukia kweli. Pesa ya kumfuata mtoto mpaka Kigoma na kumwambia "njoo" ipo. Akishakwenda, pesa ya kumshika mkono asirudi haipo, na hakuna anayeulizwa kwa nini haipo.

Wenye watoto chuoni wanaujua mtego ulivyo. Bodi ya Mikopo ikikupa ada pungufu, inayobaki unalipa mwenyewe. Usipolipa, chuo hakikusajili. Usiposajiliwa, husaini kupokea mkopo. Usiposaini, bumu, yaani pesa ya kujikimu, haliingii. Kwa hiyo binti huyu alikuwa na mkopo, jina lake liko kwenye orodha, na Sh10,000 za chakula na malazi kwa kila siku ya masomo zimetengwa kwa ajili yake, lakini analala gheto la mwenzake na kula kwa kuhurumiwa, yote kwa salio la Sh280,000. Pesa ya Serikali ya kumlisha imekwama kwa sababu ya deni ambalo chuo kingeweza kumgawia alipe kidogo kidogo. Alikwenda kuomba apewe muda. Akaambiwa mfumo haukubali. Alipotaka kuonana na mshauri wa wanafunzi, foleni ilikuwa ndefu na ofisi ikafungwa kabla zamu yake haijafika. Kesho yake alirudi, akaambiwa aandike barua.

Mtoto wa Dar es Salaam akikwama hivyo anapanda daladala mpaka kwa shangazi Mbagala, anakula, anapewa nauli, Jumatatu yuko darasani. Wa kwetu yuko zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka nyumbani. Hana shangazi Mbagala. Akiuza simu ale, ndiyo hiyo simu iliyokuwa na kundi la WhatsApp ambamo mhadhiri anatuma vitini vya somo na tarehe za majaribio. Anakosa jaribio la kwanza, anakosa la pili, alama za kozi hazitoshi, mwisho wa muhula anaangukia sapu, mtihani wa marudio. Sapu zikizidi, anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Kisha kwenye kikao atatokea mtu aseme wanafunzi kutoka shule za kata za Kigoma msingi wao ni dhaifu. Huyu binti alipata daraja la pili kidato cha sita akisoma kwa taa ya sola! Msingi wake hauna tatizo.

Na hii "sababu za kifamilia" inaniuma kuliko yote. Barua za namna hiyo ninazochapa hapa ni nyingi, na karibu zote zinasema hivyo au zinasema ugonjwa. Chuo kinaziweka kwenye faili, mwaka ukiisha kinahesabu walioahirisha kwa sababu za kifamilia, na hakuna ripoti itakayoonyesha kwamba ni njaa na salio la ada. Ninyi wa vyuo na Serikali, msipoyaona haya kwenye takwimu zenu hamtayatengea bajeti.

Nakubali, mikopo imeongezeka. Bajeti ilikuwa Sh570 bilioni mwaka 2021/22, ikafika Sh787 bilioni mwaka 2024/25, na zile tozo zilizokuwa zinawaumiza wanufaika zilifutwa mwaka 2021. Kidato cha tano na sita ada imeondolewa. Vyuo binafsi navyo vinaishi kwa ada, havina pa kuchota. Sawa. Ila kadiri mnavyoingiza watoto wengi zaidi wa wakulima wa tumbaku Urambo na wavuvi wa dagaa Uvinza, ndivyo mnavyowajibika zaidi kuwa na kitu cha kuwashikilia mwaka wa kwanza.

Uingereza walilifunga jambo hili kwenye sheria mwaka 2004. Chuo kinachotaka kutoza ada ya juu lazima kiandike mpango, upitishwe na msimamizi wa umma, kieleze sehemu gani ya mapato hayo ya ada kitaitumia kuwapata wanafunzi kutoka familia na maeneo yasiyopeleka watu chuo kikuu. Siku hizi, tangu msimamizi awe Office for Students mwaka 2018, mpango hauishii kwenye kuwapokea. Unaulizwa pia wangapi wanaendelea, wangapi wanamaliza na wanaishia kazi gani. Mtaniambia wale ni matajiri, ada yao ilipandishwa hadi pauni 9,000 mwaka 2012. Ni kweli. Lakini kuhesabu walioondoka na kueleza waliondoka kwa nini hakuhitaji pauni.

Kampasi ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, hapa kwetu naifurahia, tena sana. Ni matunda ya HEET, mradi wa elimu ya juu wa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia, na daktari kusomeshwa Kigoma ni jambo ambalo baba yangu asingeliamini. Itapunguza nauli kwa baadhi. Haitamlipia mtu salio la ada.

Ninachodai si kikubwa. Mwanafunzi mwenye mkopo asajiliwe kwanza, asaini, ale, deni lake ligawanywe kwa muhula mzima. Kila chuo kitenge mfuko wa dharura hata mdogo, unaotolewa ndani ya siku mbili, bila barua ya diwani wala mhuri wa hakimu, maana umaskini wa mtoto huyu ulishahakikiwa na Bodi. (Sisi wa mpakani tumechoka kuthibitisha mambo, hata namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, wengi wetu tumeipata baada ya kuhojiwa uraia wa babu.) Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikosa vipindi wiki mbili, mtu ampigie simu. Sahihi za mahudhurio mnazikusanya kila kipindi; zisomeni.

TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, nao wana nafasi yao. Kila mwaka wanatoa mwongozo wa udahili, unaonyesha kozi, vigezo, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Waongeze safu moja: kati ya waliosajiliwa mwaka wa kwanza, wangapi wamefika mwaka wa pili. Wakiweza, wagawe kwa mkoa aliotoka mwanafunzi. Mzazi wa Kakonko atakuja na mwongozo huo aniombe nimsomee, naye ataelewa ni chuo gani cha kumpeleka mwanawe na kipi cha kukiruka, hata kama kilimpa fulana.