Mahafali kabla ya mtihani: sherehe ni ya nani?

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, shule za sekondari za Tanzania huwaaga wanafunzi wa kidato cha nne kwa mahafali, wiki chache tu kabla ya mtihani wa taifa unaoanza Novemba. Kidato cha sita nao huagwa mapema, kabla ya mtihani wao wa Mei. Mtu asiyezijua shule zetu atashangaa kuona mtoto akivishwa mashada na kupongezwa kwa kumaliza, ilhali kitu chenyewe cha kumaliza bado hajakifanya. Mshangao huo ndio unaorudi kila msimu katika vikao vya wazazi: wapo wanaotaka sherehe iahirishwe hadi mtihani upite au ifutwe kabisa, na wapo wanaoiona kuwa haki ya mtoto aliyesoma miaka minne. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishania tarehe, na tarehe ndiyo sehemu yenye tatizo dogo kuliko zote.

Tarehe ina sababu zake. Pepa ya mwisho ikishakusanywa, shule ya bweni haina namna ya kuwabakiza watahiniwa. Wengi huondoka siku hiyohiyo au alfajiri inayofuata, na siku ya kumaliza yenyewe hutofautiana kulingana na masomo aliyoyachukua kila mmoja. Walimu nao wametawanyika, kwa kuwa wengine wamepangwa kusimamia mtihani katika shule nyingine. Mzazi anayeishi Bukoba na ambaye mwanawe anasoma Morogoro hawezi kusafiri tena Desemba kwa ajili ya keki. Kidato cha sita wana kikwazo cha ziada, kwani tangu mwaka 2013 yaliporejeshwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wengi wao huitwa makambini muda mfupi baada ya kurudi nyumbani. Anayesema sherehe ihamishiwe baada ya mtihani, kwa shule nyingi za bweni, anasema ifutwe bila kulitamka neno hilo.

Hoja za wanaotaka ifutwe, hata hivyo, hazipaswi kupuuzwa. Kwaya, ngonjera na igizo haviji vyenyewe. Vinahitaji mazoezi ya jioni nyingi, na jioni hizo zinatolewa katika muda uleule ambao watahiniwa wangekuwa wanapiga msuli. Wapo pia wanafunzi ambao, wakishavua joho, akili yao inaondoka shuleni kabla ya miili yao, na mwalimu wa darasa anaijua hali hiyo kuliko mtu yeyote.

Kisha kuna michango. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne kwenye shule za umma, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni kwa maneno makali. Mahafali yalibaki, na gharama zake zikaitwa hiari. Hiari ya aina gani lakini, pale jina la mtoto linaposomwa mbele ya darasa kwamba bado hajaleta? Ongeza nguo mpya, viatu, maua, mpiga picha na nauli ya ndugu watano, na mzazi anayelima ekari mbili anajikuta amekopa. Mtoto wake atakaa mstari wa nyuma akiangalia wenzake wakitunzwa noti na mashada, huku yeye hajafikiwa na mtu. Sherehe inayokusudiwa kuwaunganisha wanafunzi kwa mara ya mwisho huwapanga upya kwa mifuko ya wazazi wao, jambo ambalo sare ya shule ilifanya kazi ya miaka minne kulificha.

Majirani zetu wa Kenya walikwisha kujaribu njia ya kufuta. Baada ya matokeo ya zaidi ya watahiniwa 5,000 wa KCSE, mtihani wao wa taifa wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2015 kufutwa kwa udanganyifu, bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa Machi 2016, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, akapiga marufuku siku za maombi, siku za kutoa tuzo na ziara za wazazi katika muhula wa tatu. Hofu ilikuwa kwamba umati wa wageni unarahisisha kupenyeza majibu. Idadi ya waliopata alama ya A ikashuka kutoka 2,685 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016, na wapo waliozichukua namba hizo kama ushahidi kwamba marufuku ilifaa. Ushahidi huo unahitaji tahadhari. Mwaka huohuo ulinzi wa makontena ya mitihani uliimarishwa na usimamizi ukabadilishwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kushuka kule kulitokana na marufuku ya siku za maombi na ziara. Zaidi ya hayo, mabweni ya shule zaidi ya 100 yalichomwa moto katikati ya mwaka huo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hasira ya wanafunzi kwa mabadiliko yaliyowabana. Siwezi kusema kufutwa kwa sherehe ndiko kulikowasha moto. Ninachoweza kusema ni kwamba kijana anayenyimwa mahali pa kutolea hisia zake hupata mahali pengine.

Upande wa pili nao una hoja nzito kuliko ile ya "waacheni watoto wafurahi". Watahiniwa wa kidato cha nne kwa mwaka ni zaidi ya nusu milioni, wakati wa kidato cha sita ni laki moja na ushee. Maana yake ni kwamba kwa vijana wengi, Novemba ile ndiyo mwisho wa maisha ya darasa la sekondari. Wengine wataenda vyuo vya ufundi, wengine shambani au dukani kwa mjomba. Katika vijiji vilivyopata sekondari ya kwanza wakati shule za kata zilipojengwa kwa wingi miaka ya 2000, mzazi anayeketi chini ya turubai siku ile mara nyingi hakuwahi kuvuka darasa la saba. Kumwambia asubiri hadi matokeo ya Januari ndipo ashangilie ni kumwambia kwamba miaka minne ya kutembea kilomita sita asubuhi na jioni haina thamani mpaka Baraza la Mitihani liitie muhuri. Nadhani ina thamani hata kwa atakayepata sifuri.

Na kuna urafiki wenyewe, ambao wachangiaji wa mjadala huu huutaja kwa nusu sentensi. Uchaguzi wa kidato cha tano humchukua kijana wa Lindi ukampeleka Tabora, akalala kitanda cha juu ya kijana wa Mara kwa miaka miwili. Wakiachana, hawatakutana tena katika mazingira yale. Wiki za mwisho ndizo wanazogawana desa, yaani muhtasari wa masomo, kusameheana ugomvi wa kidato cha tano na kuandikiana ujumbe katika kaunta buku.

Sasa tazama mahafali yenyewe yalivyo. Mwanafunzi anasimama kusoma risala. Aya mbili za kwanza ni salamu na shukrani. Zinazobaki zinaeleza kwamba shule haina uzio, maabara haina vifaa, walimu wa fizikia na hisabati hawatoshi, na zinamwomba mgeni rasmi awasaidie. Mgeni rasmi, ambaye mara nyingi ni mbunge, diwani au meneja wa benki, anaahidi mifuko ya saruji, kisha anawageukia wazazi na changizo linaanza. (Sijawahi kumsikia mhitimu akiulizwa kama uzio ndio aliotaka kuuzungumzia siku ile.) Uzio unahitajika, sikatai, na mkuu wa shule asiye na bajeti atautafuta pale umati ulipo. Matokeo yake lakini ni kwamba sherehe imekuwa ya shule na ya wazazi, na mhitimu ndiye pambo lake.

Ndiyo maana vijana hujitengenezea sherehe yao bila kuaga mtu. Siku ya pepa ya mwisho mashati yanaandikwa majina kwa kalamu za rangi hadi weupe unapotea, madaftari yanachanwa, unga na maji vinarushwa, na katika shule nyingine vioo vinavunjwa au kundi linaishia baa. Walimu huliona hilo kama utovu wa nidhamu, na sehemu yake ni utovu kweli. Sehemu kubwa, hata hivyo, ni kuagana ambako hakukupewa saa wala mahali katika ratiba.

Kwa hiyo mahafali yabaki kabla ya mtihani, ila yasogezwe hadi mwanzoni mwa Septemba, yafanyike nusu siku, kila mhitimu avae sare ya shule, na changizo la uzio lipelekwe kwenye kikao cha wazazi. Baada ya pepa ya mwisho, shule itenge jioni moja ya wahitimu peke yao: muziki, chakula, mashati yaandikwe kwa amani, na patroni na matroni wawepo. Mkuu wa shule atasema bajeti ya kuwalisha usiku mmoja zaidi haipo, na kwa shule nyingi za umma anasema kweli. Fedha zinazokodi turubai na vipaza sauti mwezi Septemba zikipunguzwa kwa theluthi, sehemu kubwa ya pengo hilo inazibika. Wale wanaomaliza siku za mwanzo, kwa sababu ya masomo waliyochukua, ndio watakaokuwa vigumu kuwasubirisha. Shule za kutwa hazina shida hiyo, kwa kuwa wanafunzi wake wanaweza kurudi jioni yoyote itakayopangwa.