Usaha wa Sikio si Sehemu ya Utoto

Kuna kauli ninayoisikia kwa akina mama, kwa mabibi, na hata kwa majirani waliosoma, na kila nikiisikia inanichoma: "Sikio likitoa usaha msihangaike, akikua litakauka lenyewe." Mtoto ana mafua, sikio linamuuma usiku kucha, alfajiri mto umelowa majimaji ya njano na maumivu yamekwisha. Nyumba nzima inashusha pumzi. Kumbe maumivu yametulia kwa sababu ngoma ya sikio imepasuka na usaha umepata pa kutokea.

Kauli hiyo imedumu kwa sababu ina ukweli kidogo ndani yake. Ngoma iliyopasuka hivyo mara nyingi huziba yenyewe baada ya wiki chache. Hatari iko kwenye sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili, linalokauka kidogo kisha kuanza upya kila mafua yakirudi au kila mtoto akienda kuogelea. Hapo ugonjwa umeshakuwa sugu. Tundu linabaki wazi, na vile vifupa vitatu vinavyopokezana sauti nyuma ya ngoma vinaweza kuanza kulika. Mtoto anapungukiwa usikivu polepole, na kwa kuwa hana homa wala halii, hakuna anayeshtuka.

Watoto wadogo ndio wanaoandamwa zaidi kwa sababu ya maumbile. Mrija unaounganisha sikio na sehemu ya nyuma ya pua ni mfupi kwao na umelala, kwa hiyo maambukizi ya mafua hupanda kirahisi. Moshi wa kuni na sigara huzidisha, na kumnyonyesha mtoto kwa chupa akiwa amelala chali vilevile.

Tukisikia mtu "ana tatizo la masikio", wengi tunamfikiria kiziwi asiyesikia chochote, anayezungumza kwa ishara. Wengi zaidi wako katikati: wanasikia baadhi, wanakosa baadhi, na wao wenyewe hawajui wanachokosa. Kuna wale ambao sauti inazuiwa njiani, na nta iliyoganda, na usaha, na tundu kwenye ngoma au punje ya mahindi aliyojitia mtoto akicheza. Hawa mara nyingi wanatibika. Na kuna wale ambao sauti inapita vizuri lakini sikio la ndani au mshipa wa fahamu umeharibika, kwa uzee, kelele, homa ya uti wa mgongo, matumbwitumbwi, rubela iliyompata mama akiwa mjamzito, manjano kali ya mtoto mchanga, au dawa kama jentamaisini, ile ya sindano ya kuua bakteria. Uharibifu huo kwa kawaida haurudi nyuma, ingawa shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, linaweza kusaidia sana. Wapo pia wenye yote mawili kwa pamoja.

Babu anapolalamika, "Nasikia unaongea ila sielewi unachosema," anasema kweli tupu. Uzee huanza kwa kuondoa sauti nyembamba kama s, sh, f na t, huku irabu zikibaki. Saa, taa na kaa zinakuwa kitu kimoja. Kumpigia kelele hakumsaidii. Mkaribie, akuone mdomo, sema taratibu. Fundi wa kuchomelea na mwendesha mashine ya kusaga huanza kupoteza sauti hizohizo wakiwa bado vijana. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inavumilika kwa saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo unapungua kwa nusu. Mashine ya kusagia chuma inazidi hapo kwa mbali.

Turudi kwa mtoto, maana ndiye anayeniumiza roho. Anakaa dawati la nyuma, mwalimu amegeukia ubao huku akisoma imla, na sauti inamfikia vipandevipande. Anaandika alichodhani amesikia. Anaitwa mzito, mtoro wa akili, mkaidi. Pengine anachapwa kwa kutoitika. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Sioni kwa nini kila mtoto anayeanza darasa la kwanza asipimwe. Hakuhitajiki mashine kuanza: mwalimu anasimama nyuma ya mtoto, hatua moja hivi, anaziba sikio moja la mtoto na kunong'ona maneno mepesi ili mtoto ayarudie, kisha anahamia sikio la pili. Anayeshindwa apelekwe akapimwe ipasavyo.

Nilifurahi sana mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu hapa hapa nchini. Ni hatua kubwa kwa watoto waliozaliwa bila kusikia. Ila naona uchungu nikifikiria mwingine aliyezaliwa anasikia vizuri, akapoteza usikivu kwa sababu tu hakuna aliyelikausha sikio lake.

Na kukausha kwenyewe ni kazi ya nyumbani. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiingize taratibu sikioni, kikilowa kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Rudia angalau mara tatu kwa siku, kisha tia dawa ya matone uliyoandikiwa na daktari. Usiache pamba ndani. Maji yasiingie. Mafuta ya kupikia, maji ya majani, maziwa ya mama, spiriti, njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku, vyote vikae mbali.

Uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, shingo kukakamaa au uso kupinda upande ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Usaha unaonuka vibaya na hauishi unahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Na mtu mzima aliyeamka sikio moja limezima ghafla asingoje lifunguke lenyewe. Ipo dawa ya kujaribu kuuokoa usikivu huo, na kila siku inayopita inapunguza nafasi ya kufaulu.

Mama mwenzangu, kama mtoto amepewa dawa ya kunywa mara ya tatu kwa sikio lilelile sugu, na hakuna aliyechungulia ndani kwa kile kifaa chenye taa, usiondoke kimya. Uliza kwa upole lakini uulize: ngoma ina tundu? Kwa nini asipewe matone? Kisha omba barua ya rufaa.