Kadi za zamani: bei imewafunika ndege

Hapa Kampala, wapenzi wa kadi za zamani, zile za picha zilizouzwa au kutiwa kwenye pakiti za bidhaa, wakikutana hawachelewi kufika kwa Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli. Kadi yake namba 311, iliyotolewa na kampuni ya Topps ya Marekani mwaka 1952, iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 40. Kiasi hicho kikishatajwa, nani atamsikiliza anayesema kadi ya ndege iliyotoka kwenye pakiti ya chai imesanifiwa vizuri zaidi?

Wanamichezo tuwape haki yao. Seti ile ya 1952 ina picha kubwa, jina na saini ndani ya kisanduku, na nyuma takwimu za msimu uliopita na za maisha yote ya mchezaji. Mtoto aligeuza kadi mbili akajua nani zaidi. Si jambo dogo.

Ila bilioni zile hazikulipia kisanduku. Mchezaji asiyekumbukwa wa seti hiyohiyo amepangwa vilevile kabisa, na bei yake haisogelei ile. Kilicholipiwa ni jina na uhaba: Sy Berger, mfanyakazi wa Topps, alisimulia jinsi masanduku ya kadi hizo yaliyododa yalivyotupwa baharini mwaka 1960. Honus Wagner, mchezaji mwingine wa besiboli, wa seti ya kadi za sigara ya T206 (1909–1911) ndiye mfano mbaya zaidi. Kadi yake iliuzwa dola milioni 7.25, na mgongoni mwake kuna tangazo la sigara tu. Kuhusu mchezaji, hakuna hata neno.

Kipimo cha haki ni mwaka 1962, kwa kuwa Topps ileile ilitoa kadi za aina zote mbili, za wanamichezo na za mada nyingine. Za besiboli, 598, zilipewa fremu moja yenye sura ya mbao, wa kwanza hadi wa mwisho. Kadi 88 za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ziliandikwa nyuma kama habari ya gazeti la siku ile, na mbele kila moja ina mchoro wa tukio lake. Kweli, damu ilizidi. Mars Attacks, seti ya uvamizi wa viumbe wa Mars ya mwaka huohuo, iliwakasirisha wazazi. Lakini hapo mada ndiyo iliyoamua umbo.

Kadi za kampuni ya chai ya Brooke Bond zilikwenda mbali zaidi, bila damu. Mchoraji wake Charles Tunnicliffe, aliyechora pia seti ya wanyamapori wa Afrika, hakumwacha ndege akielea hewani. Alimpa tawi lake, maji yake, mkao wake wa kuwinda, vyote katika karatasi isiyozidi vidole viwili kwa upana. Kadi zilikusudiwa kubandikwa kwenye albamu yenye maelezo yaliyochapwa pembeni, kwa hiyo ukurasa mzima ulisanifiwa pamoja. Soko la leo huiita gundi hiyo dosari. Ukiikuta albamu ya namna hiyo katika soko la Owino, chini ya rundo la vitabu, usikubali muuzaji akubandulie kadi mojamoja.