Kifungu cha 7 Chazama Chalbi

Chama chetu cha waendesha pikipiki kina katiba. Jambo hilo halimshangazi mtu yeyote wa Nairobi, mji ambao watu watano wakikutana mara mbili kununuliana sufuria huwa tayari wana mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la faini. Katiba yetu, hata hivyo, iliandikwa na Mwenyekiti mwenyewe, ambaye ni mkaguzi wa hesabu, na kwa hiyo haikuacha mwanya wowote ambao binadamu angeweza kupenya akiwa juu ya magurudumu mawili. Mimi ni Katibu. Kumbukumbu za safari yetu ya kaskazini ninazo nyumbani, South B, ingawa kurasa mbili zimegandana kwa tope na hazijafunguka hadi leo.

Vifungu viwili ndivyo vinavyohusika hapa. Kifungu cha 5 kinasema kwamba mwanachama hatampita Mwenyekiti barabarani kwa sababu yoyote ile. Kifungu cha 7 kinasema kwamba mwanachama akianguka au kukwama, aliye nyuma yake atasimama papo hapo na kumsaidia, la sivyo atatozwa faini ya shilingi 500. Jijini kifungu hicho kilitupa sifa. Mwanachama wa Kitengela alipoangushwa na matatu kwenye Barabara ya Ngong, tulikuwa tumemzunguka kabla utingo hajamaliza kumtukana, na utingo huyo alipoona helmeti zote zile zimemwelekea, alibadilisha sauti akaanza kutuuliza tunakwenda wapi.

Basi tuliondoka Westlands alfajiri, pikipiki sita zenye masanduku ya bati ubavuni, tukateremka Bonde la Ufa kupitia Naivasha na Gilgil, tukapanda tena hadi Nyahururu, kisha Rumuruti. Nyuma yetu ilikuja pikapu iliyobeba maji, mahema, petroli ya akiba na unga. Dereva wake alikuwa mzee mmoja wa Gikomba ambaye katika ujana wake aliendesha malori ya ng'ombe kutoka Moyale, enzi ambazo njia ile ilikuwa changarawe tupu na abiria walikaa juu ya vyuma wakiwatazama ng'ombe chini ya miguu yao. Mzee huyu aliijua kaskazini yote, lakini hakuwa mwanachama, na kwa hivyo hakuwa na haki ya kuzungumza katika mikutano.

Kuhusu Maralal sina mengi, isipokuwa kwamba Mwenyekiti alitusimamisha mbele ya nyumba ambamo Jomo Kenyatta alizuiliwa mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa, akatuhutubia juu ya uvumilivu huku mwanachama wa Rongai akitafuta mahali pa kununua klipu ya cheni. Kutoka pale hadi Baragoi, na kutoka Baragoi hadi South Horr chini ya Mlima Nyiru, njia ni ya mawe, na mawe yenyewe yana tabia ya kujificha ndani ya vumbi hadi tairi la mbele liyapate. Kila mtu alianguka. Kila aliyeanguka alisaidiwa na aliye nyuma yake. Mwenyekiti alifurahi sana kuona katiba ikifanya kazi, na jioni alinitaka niliandike jambo hilo kwa herufi kubwa.

Tulipokaribia Ziwa Turkana tulipita katikati ya mitambo ya umeme wa upepo, yote 365, na hapo ndipo tungalipaswa kujiuliza ni kwa nini watu wenye akili walipeleka mitambo yote hiyo mahali pamoja. Usiku ule, Loiyangalani, upepo ulioteremka kutoka Mlima Kulal ulilichukua hema la mwanachama wa Kasarani likiwa na mto, taulo na suruali yake ya akiba, ukalipeleka upande wa ziwa. Asubuhi watoto walileta mto na taulo. Suruali haikurudi, na mwanachama huyo aliendelea na safari akiwa na ile moja aliyokuwa ameivaa, habari ambayo ninaitaja kwa sababu itahitajika baadaye.

Huko North Horr tulinunua petroli ya chupa na kupunguza upepo wa matairi, maana tairi lililolegea hutandaza uzito mchangani. Mbele yetu kulikuwa na Chalbi, na ng'ambo yake Kalacha, penye chemchemi na mikoma, miti ya jamii ya mnazi, ambako dereva wa pikapu aliahidi kututafutia mbuzi. Chalbi zamani ilikuwa ziwa. Leo ni uwanda mweupe, bapa, usio na kichaka wala jiwe, na maji ya mvua yanayoteremka kutoka Marsabit, Kulal na vilima vya Huri huishia humo na kulala. Juu hukauka haraka, chumvi ikatanda na kung'aa kama kwamba pamepigwa saruji. Chini, tope hubaki na subira yake. Mvua ilikuwa imenyesha majuma machache kabla yetu. Mzee wa Gikomba alimwambia Mwenyekiti kwa adabu kwamba njia ya magari ndiyo njia, na kwamba mtu asiiache hata akimwona mama yake mzazi akimwita kutoka pembeni. Mwenyekiti alimshukuru kwa maoni yake.

Tulikwenda vizuri kwa muda wa kutosha kumfanya Mwenyekiti ajiamini. Kisha akainua mkono, tukapunguza mwendo, naye akaonyesha upande wa kushoto. Kweli kulikuwa na mikoma. Ilisimama safi kabisa, vichwa vyake vikitikisika, na mbele yake maji ya buluu yaliyometameta. Mwanachama wa Rongai alisema kwamba kifaa cha ramani kinaonyesha Kalacha iko mbele, wala si kushoto. Mwenyekiti alijibu kwamba kifaa kile kilitengenezwa na watu ambao hawajafika Chalbi, naye yuko Chalbi, na ana macho. Akakata kushoto. Kwa mujibu wa kifungu cha 5, nasi tukakata kushoto.

Pikipiki ya Mwenyekiti ina zaidi ya kilo 200 kabla hajaipakia masanduku, mashine ya kahawa na yeye mwenyewe. Ilivyozama haikuwa na kishindo chochote. Gamba la chumvi lilipasuka kwa mlio mdogo, mkavu, gurudumu la nyuma likatafuna tope la kijivu kwa dakika moja hivi, kisha pikipiki ikatulia wima, imezama hadi kwenye ekseli, haihitaji hata kuegemezwa. Mwenyekiti alibaki ameikalia, ameshika usukani kwa mikono miwili, kama sanamu ya shujaa ambayo serikali ilikatiza bajeti yake kabla ya jukwaa kujengwa.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye tope au mchanga mwororo anajua kwamba mwendo ndio unaokubeba. Ukisimama, uzito wote unashuka mahali pamoja, umekwisha. Kifungu cha 7 hakikulijua hilo. Mwanachama wa Kitengela, aliyekuwa nyuma ya Mwenyekiti, alisimama papo hapo. Akazama. Wa Rongai, akimwona wa Kitengela amekwama, alisimama papo hapo. Wa Kasarani vivyo hivyo, tena yeye alipojaribu kuruka ili aisukume pikipiki ikiwa bado inakwenda, suruali yake ile ya pekee ilinasa kwenye sanduku la bati na kupasuka kutoka kiunoni hadi gotini. Nami nikafuata, kwa sababu Katibu ndiye mtunza katiba, na haiwezekani awe wa kwanza kuivunja mbele ya mashahidi.

Aliyekuwa wa mwisho ni Mweka Hazina, mwanamke mtulivu anayefanya kazi katika idara ya bima, ambaye maisha yake yote ni kukadiria hasara za watu wengine. Yeye alisimama mbali, kwenye ardhi ngumu, akazima injini, akavua helmeti na kututazama. Mwenyekiti alimpigia kelele kwamba kifungu cha 7 kinamtaka asaidie. Mweka Hazina alijibu, kwa sauti iliyotufikia vizuri kwa sababu Chalbi hakuna kitu cha kuizuia sauti, kwamba kifungu kinasema asimame na asaidie, na hakikutaja umbali. Kwamba tayari amesimama. Na kwamba msaada wake ni kutushauri tusiendelee kuzungusha matairi. Hatukumsikiliza. Tulizungusha matairi mpaka tope likatujaa hadi mifukoni.

Maji ya kunywa yalikuwa kwenye pikapu, na pikapu ilikuwa kwenye njia ya magari, inaelekea Kalacha. Simu hazikuwa na mtandao. Mikoma ya Mwenyekiti ilianza kuinuka kutoka ardhini, ikaelea hewani, kisha ikageuka juu chini, jambo ambalo mikoma ya kawaida haifanyi, lakini hakuna aliyethubutu kulisema.

Mzee mmoja Mgabra, wa jamii ya wafugaji wa huko, ndiye aliyetupata. Alikuja taratibu, fimbo mabegani, kijana mmoja na ngamia kadhaa nyuma yake, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono kana kwamba tumekaribishana sebuleni. Akamtazama Mwenyekiti, akalitazama shimo, akamtazama wa Kitengela, akalitazama na shimo lake, akaendelea hivyo hadi kwangu.

"Wakubwa," alisema, "nyinyi ni watu wa maji?"

"Hapana, mzee wetu," Mwenyekiti akajibu. "Sisi ni wasafiri."

"Nimewaangalia tangu saa ile. Nikamwambia mtoto, hawa ni serikali, wamekuja kuchimba visima. Kila mtu na kisima chake. Nikasema nije niwaambie, hapa mtapata chumvi tu. Maji matamu yako Kalacha."

"Huko ndiko tunakokwenda," alisema Mwenyekiti, akaonyesha mikoma iliyokuwa ikielea. "Tumeshafika karibu."

Yule mzee aligeuka kutazama, kwa heshima tu, nadhani.

"Ile si Kalacha. Ile ni jua. Kalacha ni huku," akasema, akaelekeza fimbo nyuma ya bega la Mwenyekiti.

"Na barabara, mzee?" niliuliza.

"Si ni pale alipo mama yule," akamwonyesha Mweka Hazina, "halafu mbele yake kidogo."

Umbali wenyewe haukuzidi ule wa kutoka kituo cha mabasi cha Kencom hadi Mtaa wa River, katikati ya Nairobi.

Alitufundisha la kufanya, na ninalieleza hapa kwa faida ya vyama vingine. Usiivute pikipiki juu. Ilaze ubavu, gurudumu litoke shimoni lenyewe, kisha ujaze shimo, uiinue na kuisukuma kwa miguu ikiwa mbele ya nyayo za ngamia, kwa maana ngamia haweki mguu mahali ambapo ardhi itamdanganya. Masanduku yote yalitolewa. Mashine ya kahawa ya Mwenyekiti ilibebwa na yule kijana, aliyeinusa mara mbili na kumuuliza baba yake kitu ambacho hatukutafsiriwa. Mwanachama wa Kasarani alifanya kazi yote hiyo akiwa amejifunga taulo lile lililookolewa Loiyangalani, na ngamia mmoja alikataa kabisa kumpita.

Jua lilikuwa linashuka tulipoitoa ya mwisho. Mzee alitumiminia maziwa ya ngamia kutoka chombo cha kusukwa kilichofukizwa moshi. Tuliyanywa bila kupumua, yakiwa na ladha ya jiko la kuni na chumvi kidogo. Maziwa hakutaka kulipwa. Kwa kazi ya kutukokota tulikubaliana shilingi 2,000, na hapo likazuka tatizo jingine, kwa sababu fedha taslimu zilikuwa kwa Mweka Hazina, na katiba inasema matumizi yanayozidi shilingi 1,000 hupitishwa na mkutano. Akidi ilikuwepo. Mkutano uliitishwa palepale, ajenda moja, wanachama watano wakiwa wamepakwa tope hadi kwenye kope na mmoja msafi. Mwenyekiti alitaka kwanza tujadili kama gharama hiyo ni ya chama au ya mtu binafsi aliyeiona mikoma, kisha akagundua swali hilo linaelekea wapi akaliondoa. Hoja ilipita bila kupingwa. Yule mzee alisubiri hadi tulipomaliza kupiga kura, akahesabu noti zake, akatuombea safari njema, akaondoka bila kugeuka nyuma, ingawa kijana wake aligeuka mara nyingi.

Kalacha tulifika gizani. Dereva wa pikapu alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya mkoma wa kweli, na mbuzi alikuwa amebaki kichwa na mguu mmoja.

"Niliwaona mkikata kushoto," alisema huku akijinyosha. "Nikadhani mmekwenda kupiga picha."

Tulirudi kwa Marsabit na lami ya Isiolo bila tukio la kuandikwa. Mkutano mkuu ulifanyika mwezi uliofuata, kwenye baa moja ya nyama choma huko Dagoretti Corner. Kifungu cha 7 kilirekebishwa, na sasa kinasomeka kwamba aliye nyuma atasaidia "baada ya kupata ardhi ngumu". Hesabu za safari zilisomwa, na zilipofika kwenye shilingi 2,000 za "malipo ya kuonyeshwa barabara", Mwenyekiti alikataa katakata kutia sahihi. Alisema kwamba maneno hayo yanashusha hadhi ya uongozi, akapendekeza, kwa kuwa shahidi huru alikuwa ametutambua hivyo, yaandikwe kuwa ni gharama za utafiti wa maji.

Mweka Hazina hakuwa na pingamizi. Aliomba risiti tu.