Mrushaji wa akiba hupimwa kwa mizani isiyo yake

Kila orodha ya chipukizi wa besiboli ya Marekani ikitoka, warushaji wa akiba (wanaoingia mechi ikiwa katikati) wa ligi ndogo, zile za kukuzia wachezaji wa Ligi Kuu, huwa mkiani, kama wamo kabisa. Kanuni ya wapanga orodha ni fupi: kijana aliyeondolewa kwenye kuanza mechi ameshindwa, na aliyetokea akiba tangu mwanzo hana zaidi ya aina mbili za mitupo ya maana. Kanuni hiyo ina sababu zake. Siku hizi, naona, imekuwa pia kisingizio cha kutotazama.

Tuwape haki yao kwanza. Timu ya Ligi Kuu hucheza mechi 162 za awamu 9 (awamu ni zamu ya kupiga, huisha wapigaji watatu wakitolewa), yaani awamu 1,458 hivi kwa msimu. Mrushaji mzuri wa akiba hupewa 60 au 70 kati ya hizo, asilimia 4 au 5 tu, wakati mwanzaji imara hufika 180. Halafu wanakuonyesha majina. Mariano Rivera, mwenye rekodi ya kuokoa mechi 652 (kuzimaliza huku timu yake ikiongoza kwa pengo dogo), aliingia Yankees mwaka 1995 kama mwanzaji, akaanza mechi 10. Wade Davis na Zack Britton nao walikuwa waanzaji. Ukitaka mtu wa akiba, basi, mchukue mwanzaji umpunguzie kazi. Waliokwenda kinyume wameungua: Boston walimchagua Craig Hansen, mtu wa akiba wa chuo, raundi ya kwanza mwaka 2005, na akaondoka Ligi Kuu akiwa ameruhusu wastani wa mikimbio (alama za wapinzani) zaidi ya 6 kwa kila awamu 9.

Sawa. Lakini mtazame Davis vizuri zaidi. Mwaka 2013 alianza mechi 24 na wastani wake ukawa 5.32. Mwaka uliofuata Kansas City wakamweka akiba: awamu 72, wastani 1.00. Mkono ni uleule. Kama kubadilisha kazi kunaweza kumbadilisha mtu kiasi hicho, sioni vipi alama alizopata akiwa mwanzaji zitutabirie chochote kuhusu kazi ya pili. Sisi tuliolelewa na soka hatusemi mshambuliaji anayeingia dakika ya 75 na kuimaliza mechi ameshindwa dakika 90.

Kinachonikera zaidi ni wastani wenyewe wa mikimbio, ambao bado hutajwa kwanza. Chukua kijana wa akiba aliyerusha awamu 60 akaruhusu mikimbio 20. Wastani wake ni 3.00. Sasa mwondolee usiku mmoja mbovu, alipotoa mpigaji mmoja tu na kuruhusu mikimbio 5. Anabaki na 2.26. Mfanyie hivyohivyo mwanzaji mwenye awamu 150 na mikimbio 50: kutoka 3.00 anashuka hadi 2.71 tu. Usiku mmoja, pengine uwanja uliloa, pengine kocha alichelewa kumtoa, na mwaka mzima wa kijana unasomeka vingine. Kuna na kinyume chake. Akiingia besi zote zikiwa na watu, akawaachia wote watatu wafike nyumbani, mikimbio hiyo huandikiwa aliyemtangulia. Yeye atatoka uwanjani na daftari safi. Namba inayoweza kumwonea mtu Jumatatu na kumficha Jumanne haifai kuwa ya kwanza kutajwa.

Afadhali kuhesabu wapigaji: wangapi kati ya aliokutana nao aliwatoa kwa straiki tatu, na wangapi aliwapa besi ya bure kwa kurusha mipira minne nje ya eneo la straiki. Hesabu hizo hutulia mapema zaidi. Craig Kimbrel alipopandishwa na Atlanta mwaka 2010 alirusha awamu 20 na theluthi mbili. Kati ya watu 62 waliotoka, 40 aliwatoa yeye kwa straiki. Alitoa pia besi 16 za bure, na mwoga angesimama hapo. Mwaka 2011 akaokoa mechi 46, akawa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, nusu moja ya Ligi Kuu. Akiba ndiyo kazi yake tangu ligi ndogo. Hakuna aliyemshusha kutoka kuanza.

Nakubali kwamba straiki za ligi ndogo nazo hudanganya. Slaida, mtupo unaopinda kando, ukitoka nje ya eneo hufukuziwa na vijana wa AA, daraja la pili kutoka juu katika ligi ndogo. Wakongwe wa AAA, daraja la juu kabisa la ligi hizo, huiacha ipite. Na tangu 2020, anayeingia lazima awakabili wapigaji watatu au amalize awamu, kwa hiyo fundi wa kumtoa mpigaji mmoja wa mkono wa kushoto amebaki bila ajira. Hapo wapanga orodha wana haki ya kusita.

Ila nikisikia neno "ameshindwa" humkumbuka Tayler Scott wa Johannesburg, mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika Ligi Kuu. Alianza mechi katika ligi ndogo, akahamishiwa akiba. Mwaka 2019, akiwa Seattle na Baltimore, aliruhusu mikimbio 26 katika awamu 16 na theluthi: wastani 14.33. Akaenda Hiroshima, akarudi, akapita San Diego, Dodgers, Boston na Oakland. Mwaka 2024, akiwa na miaka 32, aliingia mechi 62 za Houston, wastani 2.23. Utasema watu kama yeye huokotwa tu, orodha ya nini? Timu sita za Ligi Kuu zilikuwa naye kabla ya Houston, zikimwona mazoezini kila siku.